Transponda Si Chombo cha Angani Peke Yake

Miongoni mwa marubani, na hasa wale waliojifunza kazi katika karne iliyopita na wale waliofundishwa na hao, imestakiri dhana moja ambayo hupokewa kama wasia wa wazee, bila ya mtu kuuliza ithibati yake: ya kwamba transponda ni chombo cha angani, kwamba ndege ikiwa chini haina wa kujitambulisha kwake, na kwamba rubani mwenye adabu ya kazi huiwasha anapofika kichwani mwa barabara ya kurukia, akaizima mara tu magurudumu yanapoiacha barabara hiyo baada ya kutua. Wanaoishika dhana hii si wajinga wala si wazembe. Aghalabu ni mahodari wa kazi, watu waliokwisha kutua salama katika mvua na giza mara nyingi mno, nami nawapa heshima yao kabla ya kuwapinga. Lakini kuwapinga sina budi, kwa sababu dhana yao imeachwa nyuma na vyombo wanavyovitumia wenyewe, na madhara yake hayamfiki yeye aishikaye peke yake, bali humfika abiria aketiye nyuma yake, na abiria wa ndege ya pili ambayo bado haijaonekana katika ukungu.

Madai yangu ni mawili, na naomba yasichanganywe. La kwanza, transponda na iwake tangu ndege inapoomba kusukumwa kutoka maegeshoni mpaka ifike maegesho ya mwisho wa safari na kusimama. La pili, mtambo wa kuepusha migongano ya angani, ule ujulikanao kwa herufi zake TCAS, na ulale muda wote ndege inapotembea ardhini, uamshwe ndege inapokaribia kuingia barabara ya kurukia, na ulazwe tena ikishatua na kutoka. Vitu hivi viwili huongozwa kwa swichi moja katika ndege nyingi, na kwa kuwa mkono unaovigusa ni mmoja, fikra nazo zimevifanya kitu kimoja; ndipo wengine wakavizima vyote viwili na wengine wakaviwasha vyote viwili, kila kundi likijiona kuwa ndilo lililochukua hadhari.

Insafu yataka kwanza nieleze dhana hii ilikotoka, maana haikuzuka bure. Transponda ni mtoto wa Vita Vikuu vya Pili, wakati mwenye rada alipohitaji kujua kama ndege ijayo ni ya kwake au ni ya adui. Baada ya vita ilipokuja kutumika katika usafiri wa raia, kazi yake ikawa kungoja swali na kulijibu: rada iliyo chini huuliza kwa mawimbi ya megahezi 1030, na transponda hujibu kwa megahezi 1090, kwanza kwa namba ya tarakimu nne iliyopewa na mwongozaji ndege, na baadaye pia kwa kimo cha ndege kikihesabiwa kwa mamia ya futi. Chombo hicho cha zamani hakikujua kiko wapi. Kiliulizwa, kikajibu, na kama ndege ishirini zilisimama karibu na antena ya rada, transponda zao zote zikiwaka, zilijibu zote ishirini, majibu yakapandana, na kioo cha mwongozaji kikajaa alama zisizo na maana mahali pale pale alipotaka kuiona ndege iliyoinuka sasa hivi. Kwa ajili hiyo mwongozo rasmi wa marubani wa Marekani ulielekeza kwa miaka mingi kwamba transponda iwashwe kwa kuchelewa kadiri iwezekanavyo kabla ya kuruka, na izimwe mapema kadiri iwezekanavyo baada ya kutua. Elekezo hilo lilikuwa na hekima, na aliyelifuata wakati wake alifanya haki.

Walakini hekima ya elekezo haikai ikiwa sababu yake imeondoka. Transponda ya leo, ile ya Modi S, ina anwani yake yenyewe ya biti 24, na anwani za namna hiyo zapita milioni 16, hata kila ndege duniani ikaweza kupewa yake isiyoshirikiana na nyingine. Rada huweza kuiita kwa anwani hiyo, nayo ikajibu peke yake hali jirani zake wamenyamaza. Zaidi ya hayo, katika ndege kubwa kuna swichi kwenye miguu ya magurudumu ambayo huhisi uzito wa ndege. Mguu ukikandamizwa, transponda yajua kuwa iko ardhini, na papo hapo yaacha kujibu yale maswali ya jumla ya rada yaliyokuwa yakichafua vioo vya zamani. Haifi, ila hubadilisha usemi wake. Huendelea kutoa ishara zake fupi kwa wakati maalumu, na yenye ADS-B hutangaza mahali ilipo kwa hesabu ya setilaiti, mara mbili kila sekunde ikiwa inatembea, na mara moja kila sekunde tano ikiwa imesimama. Basi yule anayeizima leo kwa kuogopa kumchafulia mwongozaji kioo, anamwondolea taabu ambayo mtengenezaji wa chombo amekwisha kuiondoa, na katika kuiondoa mara ya pili anaondoa na ndege yenyewe.

Pande zote za kiwanja kikubwa cha ndege siku hizi zimewekwa vipokezi vidogo, juu ya mapaa na kando ya barabara za viungio, ambavyo kazi yake ni kusikiliza tu. Ishara ya transponda hutembea takriban mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, na kwa kuwa vipokezi hivyo viko mbalimbali, ishara ile ile huvifikia kwa tofauti ndogo sana za muda. Tarakilishi huzipima tofauti hizo, na kutokana nazo hujua ndege iko wapi kwa kukosea mita chache tu. Ukungu hauizuii hesabu hiyo, wala usiku. Marekani ilianza kutumia mtambo wa namna hiyo, uitwao ASDE-X, katika kiwanja cha Milwaukee mwaka 2003, na hatimaye ukawekwa katika viwanja 35. Ulaya nayo ina mitambo ya jinsi hiyo. Ni kweli kwamba mitambo hiyo huunganishwa na rada ya ardhini ambayo huona chuma chochote kilichoko barabarani bila ya kuhitaji transponda, na wapinzani wangu hushika hapo pa kuninasa: kama rada ya ardhini yaniona, wao husema, transponda yangu ya nini? Jibu ni kwamba rada ya ardhini huona kitu, haimwoni fulani. Huonyesha doa. Doa hilo laweza kuwa ndege, laweza kuwa gari la mizigo, laweza kuwa mwangwi wa mvua kubwa juu ya lami. Na hata likiwa ni ndege kwa yakini, bado mwongozaji hajui ni ipi kati ya ndege sita anazozungumza nazo. Transponda ndiyo inayolipa doa jina. Na katika kazi ya mnara, kosa lililoua watu si la kukosa kuona kitu tu. Mara nyingi limekuwa kosa la kuamini kwamba ndege fulani iko mahali ambapo haiko.

Hili nitalieleza kwa ajali ya Linate, kiwanja cha mji wa Milano, tarehe 8 Oktoba 2001, kwa maana hapana mfano unaoonyesha wazi zaidi. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, na waliokuwa mnarani hawakuweza kuona barabara ya kurukia iliyokuwa chini yao. Ndege ndogo ya Cessna Citation yenye watu wanne ilikuwa katika maegesho ya magharibi, yaliyotengwa kwa ndege za watu binafsi, nayo ikaelekezwa ifuate kiungio R5, ambacho huelekea kaskazini na kuzunguka mwisho wa barabara ya kurukia pasipo kuikata. Marubani wake walishika R6, kinachoelekea kusini mashariki na kuikata barabara katikati. Alama zilizochorwa ardhini zilikuwa zimefifia. Njiani rubani alimwambia mwongozaji kwamba anakaribia alama ya S4, na alama hiyo kweli ilikuwako, imechorwa juu ya lami ya R6. Lakini katika ramani aliyokuwa nayo mwongozaji haikuwamo. Mwongozaji akachukua kwamba ndege iko upande wa kaskazini, alikoituma, akairuhusu iendelee. Wakati huo huo ndege ya SAS ya aina ya MD-87, yenye watu 110, iliyokuwa ikienda Copenhagen, ilipewa ruhusa ya kuruka. Ilikuwa imeanza kuinua pua ilipoigonga Citation. Ikapoteza injini ya kulia, ikainuka kidogo, kisha ikarudi chini bila uwezo wa kuongozwa, na kujipiga katika jengo la mizigo mwisho wa barabara. Walikufa wote waliokuwa katika ndege mbili hizo, na wafanyakazi wanne waliokuwa jengoni: jumla watu 118. Na kwa dakika nyingi baada ya hapo mnara haukujua Citation iko wapi.

Rada ya ardhini ya Linate ilikuwa imeondolewa katika kazi mwishoni mwa mwaka 1999, na ile mpya iliyokusudiwa kuchukua nafasi yake ilikuwa haijafungwa. Mpinzani wangu ataniambia, na atasema kweli, kwamba katika kiwanja kama hicho transponda ya Citation ingewaka au isingewaka, mambo yangekuwa yale yale, kwani hapakuwa na wa kuisikia. Nakubali. Lakini natazama kosa lenyewe lilikuwa la namna gani. Rubani alisema kweli kuhusu mahali alipo, kwa jina lililoandikwa chini ya magurudumu yake. Mwongozaji akaisikia kweli hiyo, na isipopatana na sura aliyokuwa nayo moyoni, akaiacha sura isimame na kweli ipite. Maneno ya redioni hayakutosha kuivunja sura ile. Jina la ndege lililoandikwa juu ya kioo, likitembea kuelekea kusini mashariki juu ya R6, lingeivunja, kwa sababu jicho halihitaji kukisia S4 ni wapi. Kiwanja kina nusu yake ya wajibu, nayo ni ghali na huchukua miaka mingi kufungwa. Rubani ana nusu ya pili, ambayo ni kugeuza swichi kwa vidole viwili, na ni ajabu kwangu kwamba hiyo iliyo rahisi ndiyo inayobishaniwa.

Karibu miaka miwili kabla ya ajali ya Linate, usiku wa tarehe 6 Desemba 1999, jambo la namna hiyo lilikaribia kutokea katika kiwanja cha Providence, jimbo la Rhode Island. Ndege ya United iliyotua ilipotea katika ukungu, ikajikuta imerudi juu ya barabara ya kurukia iliyokuwa ikitumika, na marubani wake wakamwambia mwongozaji kwamba wanadhani wako juu ya barabara hiyo. Ndege ya FedEx ikawapita karibu sana ikiwa inaruka. Hata baada ya hayo mwongozaji, ambaye hakuwa na rada ya ardhini, aliendelea kuamini kwamba barabara ni tupu, akaipa ndege ya US Airways ruhusa ya kuruka. Na marubani wa US Airways, waliokuwa wakisikiliza mazungumzo yote, wakakataa kuondoka walipo mpaka ijulikane United iko wapi. Watu waliokuwamo usiku ule waliokolewa na ukaidi mwema wa marubani hao. Mimi nausifu ukaidi huo kwa moyo wote. Ila si haki usalama wa wasafiri utegemee bahati ya kuwapo rubani mkaidi kwenye zamu.

Upande wa pili, wa kiwanja chenye mtambo unaosikiliza, uko New York, katika kiwanja cha Kennedy, jioni ya tarehe 13 Januari 2023. Ndege ya American ya aina ya Boeing 777, badala ya kufuata njia iliyoelekezwa, ilikata barabara ya kurukia hali ndege ya Delta ya aina ya Boeing 737 imekwisha kuanza kukimbia juu yake ili iruke. ASDE-X ikapiga kengele mnarani, mwongozaji akafuta ruhusa, na Delta ikafunga breki na kusimama kabla ya kufika pale penye hatari. Kengele ile ilipatikana kwa kuwa ndege zote mbili zilijulikana mahali zilipo na mwendo wao. Wiki tatu baadaye, tarehe 4 Februari, katika kiwanja cha Austin, Texas, ambacho hakikuwa na mtambo huo, mwongozaji alimruhusu Southwest kuruka hali FedEx yuko karibu kutua juu ya barabara ile ile, katika ukungu uliomzuia kuona hata kama Southwest amekwisha kuanza kukimbia. Wa FedEx ndio waliotambua hatari na kuinua ndege yao, na ndege mbili zikapishana kwa umbali ambao hauzidi futi 200.

Naomba msomaji aangalie kilichofuata baada ya Austin, maana ndicho kinachoimaliza hoja ya kwamba transponda ni ya viwanja vikubwa peke yake. Kuanzia mwaka 2024 mamlaka ya anga ya Marekani ilianza kupeleka katika viwanja visivyo na ASDE-X, Austin ikiwa miongoni mwa vya mwanzo, mtambo wa bei nafuu ambao hauna rada ya ardhini ndani yake. Hutegemea ishara za ADS-B zinazotolewa na ndege zenyewe. Katika kiwanja cha namna hiyo hapana hata doa. Ndege iliyoizima transponda yake haimo kiwanjani kwa kadiri kioo kijuavyo. Kwa hiyo mwongozo ule ule wa Marekani uliokuwa ukisema washa kwa kuchelewa na zima kwa mapema, leo wasema kinyume: transponda pamoja na ADS-B ziwake katika viwanja vyote, wakati wowote ndege ikiwa katika sehemu yoyote ya barabara zinazosimamiwa na mnara. Ulaya nako maelekezo ni kwamba iwashwe tangu ombi la kusukumwa mpaka ndege iegeshwe. Anayeifuata desturi ya zamani kwa kudhani anatii sheria, ajue kwamba sheria aliyoitii imefutwa na waliomwandikia.

Sasa nageukia kundi la pili, ambalo huniunga mkono mpaka hapa kisha huvuka mpaka. Wao husema: kama kujitambulisha ni kheri, basi kuwasha kila kitu ni kheri zaidi, geuza swichi hata mwisho, TCAS nayo iwake tangu maegeshoni, maana chombo kinachozuia mgongano hakiwezi kudhuru. Hili lasikika kama busara, na ndiyo maana ni gumu kuling'oa.

TCAS ni chombo chenye thamani kubwa, na kilinunuliwa kwa roho za watu. Baada ya ndege ya Aeromexico na ndege ndogo ya Piper kugongana juu ya Cerritos, California, tarehe 31 Agosti 1986, wakafa watu 82, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka uliofuata ya kukilazimisha katika ndege kubwa za abiria. Lakini kiliundwa kwa ajili ya anga, na kila kitu ndani yake chashuhudia hivyo. Amri zake za kupanda au kushuka hunyamazishwa na chombo chenyewe ndege ikiwa chini ya futi 1,000 kutoka ardhini. Ndege nyingine iliyotangaza kwa Modi S kwamba iko ardhini, TCAS huiacha, haimwonyeshi rubani. Maana yake ni kwamba rubani wa SAS pale Linate, angekuwa na TCAS inayowaka namna gani, asingeiona Citation iliyokuwa mbele yake ikiwa transponda yake yatangaza kuwa iko chini. Na anayetembea katika barabara za viungio akikitazama kioo cha TCAS ili ajue kama njia i wazi, anautafuta usalama mahali ambapo hapana.

Hayo ni ya kutofaa. Ya kudhuru ni haya. Transponda hujibu, TCAS huuliza. Kila TCAS iliyo hai hupeleka maswali kwa megahezi 1030 kwa transponda zote zilizo jirani, na kila moja, kila baada ya sekunde nane hadi kumi, hutangaza kuwapo kwake ili wenziwe waihesabu. Walioiunda waliogopa, na kwa haki, kwamba maswali yakizidi, transponda zitashughulishwa na ndege zinazoulizana hata zikose nafasi ya kuzijibu rada za ardhini. Basi wakaweka kanuni ya kwamba TCAS zote pamoja zisiichukulie transponda yoyote zaidi ya asilimia 2 ya muda wake. Ili kanuni hiyo itimie, kila TCAS huhesabu wenziwe walio ndani ya maili 30 hivi za baharini, na kadiri wanavyozidi, hupunguza nguvu ya sauti yake. Hebu sasa tuwaze foleni ya asubuhi katika kiwanja chenye shughuli nyingi: ndege kumi na mbili zangoja zamu ya kuruka, na katika kila moja rubani mwangalifu amegeuza swichi hata mwisho. Ndege ijayo kutua, iliyo katika mawingu pamoja na nyingine tano, yazihesabu zile kumi na mbili kama jirani zake, nayo yapunguza nguvu. Umbali wa kuona wapungua kwa yule aliye angani, anayehitaji kuona, kwa ajili ya walio chini, ambao TCAS haiwafai kitu. Hao kumi na mbili hawajui kwamba wamechukua kitu cha mtu. Wote wameketi wakijiona wamezidisha usalama.

Swichi yenyewe, katika chumba cha marubani cha ndege nyingi za Boeing, ni ya kuzungusha: mwanzo ni hali ya kungoja, mwisho ni TCAS kamili, na katikati pana alama ya transponda peke yake. Mahali pa ardhini ni hapo katikati. Mkono ukizoea kuruka kutoka mwanzo mpaka mwisho, nafasi ya katikati husahauliwa kana kwamba mtengenezaji aliiweka kwa pambo. Ndege inapokaribia kuingia barabara ya kurukia, hapo ndipo swichi igeuzwe hata mwisho. Na rubani akipenda kutazama kioo chake wakati huo ili aone kama kuna anayekuja kutua, na atazame, akijua kwamba TCAS hupima umbali na kimo vizuri, lakini mwelekeo huukisia kwa makosa yasiyo madogo, na kwamba ruhusa ya kuingia hutoka mnarani na si kiooni.

Wapo wanaorudi na hoja ya msongamano kwa mlango mwingine, wakisema kwamba mawimbi ya megahezi 1090 yamejaa katika viwanja vikubwa, na kila transponda ya ardhini huzidisha. Kwamba yamejaa ni kweli, na wahandisi wanaolihangaikia jambo hilo wana haki. Ila ishara chache ambazo transponda ya Modi S hujitolea ikiwa ardhini ni mzigo mdogo ukilinganishwa na majibu yanayozalishwa na maswali. Mwenye kuyahurumia mawimbi hayo kwa dhati ana la kufanya, nalo ni kuilaza TCAS yake. Akiizima transponda na kuiwasha TCAS baadaye akiwa bado katika foleni, ameyatesa mawimbi na kumpofusha mwongozaji kwa pamoja.

Na desturi ya kuiwasha transponda dakika ya mwisho ina hatari nyingine ambayo nashangaa haisemwi sana. Dakika ya mwisho ndiyo yenye shughuli kuliko zote: ruhusa yasikika, orodha yasomwa, ndege ya nyuma yakaribia. Kinachosahauliwa hapo hupaa pamoja na ndege. Transponda ikiwa katika hali ya kungoja, TCAS ya ndege hiyo haifanyi kazi, na TCAS za wengine haziioni. Katika Brazil, tarehe 29 Septemba 2006, ndege ndogo ya Legacy ilikuwa ikiruka juu ya msitu wa Amazon hali transponda yake imenyamaza bila ya marubani kutambua, ikagongana na Boeing 737 ya Gol iliyokuwa katika kimo kile kile, na watu wote 154 wa Boeing wakafa. Transponda ile ilinyamaza angani, si kwa sababu ya desturi ninayoipinga; naitaja kwa kuwa yaonyesha uzito wa kitu ambacho watu hukiacha kitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja mwenye haraka. Iliyowaka tangu maegeshoni haisubiri kukumbukwa.

Kwa marubani wa kwetu, waendeshao ndege ndogo kutoka Wilson mjini Nairobi au Zanzibar, huenda mtu akaona kwamba maneno haya ni ya wenye viwanja vikubwa. Sioni hivyo. Chombo cha zamani kisichojua kama kiko ardhini bado kipo katika ndege kadhaa ndogo, na hapo neno la mamlaka ya nchi na la mnara ndilo la kufuata. Sina nia ya kumfundisha mtu kuasi. Lakini vyombo vipya vinaingia, na mara vinapoingia, mazoea ya kuzima huingia navyo kutoka katika vile vya kale. Rubani wa leo wa ndege ya watu tisa ndiye rubani wa kesho wa ndege ya watu mia tatu, na mkono wake ataubeba kama ulivyofunzwa mpaka Frankfurt na Heathrow, ambako mwongozaji humtafuta kwa jina lake kiooni kabla ya kumtafuta kwa macho.

Hoja ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nami siwezi kuipita. Ni ile ya Haneda. Tarehe 2 Januari 2024, katika kiwanja hicho cha Tokyo, ndege ya Airbus A350 ya Japan Airlines ilitua juu ya ndege ya walinzi wa pwani iliyokuwa imesimama barabarani. Watu watano wa ndege ya walinzi wakafa, na watu 379 wa Airbus wakatoka wote wakiwa hai kabla haijateketea. Mtambo wa mnara ulikuwa umetambua kwamba barabara ina ndege, ukageuza rangi juu ya kioo; lakini haukuwa na sauti, na mwongozaji hakuuona. Basi, husema mpinzani, vyombo vyote viliwaka na watu wakafa. Ni nini mnachotuhangaishia?

Namjibu kwamba Haneda inashitaki namna ya kuonya, haiishitaki ishara. Taarifa ilikuwapo na ilikuwa ya kweli. Iliwekwa mahali ambapo mtu mwenye kazi nyingi hawezi kuitegemea, bila ya kengele kama ile iliyolia Kennedy mwaka mmoja kabla. Wajapani wenyewe walifahamu hivyo, na siku chache baada ya ajali walimweka pale mnarani mtu ambaye kazi yake ni kukitazama kioo hicho tu. Hawakusema kioo kizimwe. Hapana aliyejifunza kutoka Haneda kwamba ndege ziondolewe kiooni, na mwenye kutaka kuitumia ajali ile kuitetea desturi ya kuzima itamlazimu aeleze mtu huyo aliyewekwa mnarani angetazama nini.